Fulana za "Tunawapenda Wanajeshi Wetu" kwa 20,000: hivi zinamsaidia nani?

Mkazi wa Nyegezi (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Niko Mwanza, nafanya kazi sehemu ambayo sitaitaja. Wiki hii kwenye grupu la kazini limeshuka tangazo: Siku ya Mashujaa inakuja, 25 Julai, kila mfanyakazi atoe 20,000 ya fulana. Mbele imeandikwa "Tunawapenda Wanajeshi Wetu", mgongoni nembo ya kazini, kubwa kuliko hayo maandishi ya mbele. Tutavaa, tutatembea mjini, tutapiga picha Jiwe la Bismarck likiwa nyuma yetu, picha zitarushwa mitandaoni, kazi imeisha. Na kila mtu aweke bendera kwenye picha yake ya WhatsApp.

Nikauliza kistaarabu: chenji ikibaki inakwenda wapi? Kimya. Baadaye bosi mdogo mmoja akajibu, "Mzalendo hahesabu."

Jeshi nalipenda. Shemeji yangu ni mjeda na akija nyumbani tunachinja. Ninachouliza ni hiki: kuna askari hata mmoja huko porini atakayelala vizuri kwa sababu mhasibu wa Nyegezi amevaa fulana? Au tunajipendezesha wenyewe tu?

Naomba hoja. Mwenye matusi aende jukwaa la mpira.

Chui wa Kirumba

Naweka kiti hapa. Wataalamu waje.

Sato Mbichi

20,000 ya fulana? Hapo Makoroboi fulana nzuri ya pamba unachukua kwa bei ya kutupa, ukichapisha maandishi bado unabaki na hela ya chipsi. Kuna mtu anakula cha juu. Uzi ufungwe.

Mzalendo Halisi

Mleta uzi una hoja nyepesi. Jeshi lenyewe limejengwa kwa ishara. Saluti ni ishara. Gwaride ni ishara. Bendera ikipandishwa asubuhi, hata aliyekuwa anakimbia kuwahi kazini anasimama. Kijana akiapa, anaapa mbele ya kitambaa, na yuko tayari kufa kwa ajili ya kitambaa hicho. Leo raia akivaa fulana ya kumuunga mkono unasema haina maana? Basi tufute na wimbo wa taifa.

Tazama Siku ya Mashujaa yenyewe. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, mabalozi shada la maua, wengine upinde na mishale, wazee wa Legion, chama cha askari wa zamani, shoka. Hakuna anayekwenda kupigana na upinde siku hizi! Lakini pale tarumbeta linapolia na uwanja mzima ukanyamaza, hata mtoto mdogo anajua kuna jambo.

Mkazi wa Nyegezi

Mzalendo, hapo nimekuelewa, na sikatai. Ila mkuki na ngao haviuzwi 20,000 na havina nembo ya kampuni mgongoni.

Konda Mstaarabu

Mimi niko kwenye Hiace, ruti ya Igoma. Niwape habari za huku chini.

Askari akiwa na sare halipi nauli. Ni utamaduni, hakuna konda anayetaka maneno na afande asubuhi. Nawaheshimu, na wengine wastaarabu sana, anasimama amwachie mama mwenye mtoto siti. Lakini bosi wangu hajui utamaduni, anajua hesabu. Asubuhi wakipanda wanne, jioni hesabu ni ile ile, na pengo linatoka kwenye posho yangu na ya dereva. Kwa hiyo mkisema "jamii inawaenzi askari", jamii ni mimi hapa mlangoni na shati limelowa jasho.

Jambo la pili, na ndilo lililonifanya niandike. Juzi alipanda mzee mmoja pale Mabatini, kavaa koti limechakaa, kifuani ana utepe mdogo wa nishani umefifia hata rangi huijui. Akasema taratibu, "Mwanangu, mimi nilikuwa jeshini." Abiria wakacheka. Dada mmoja akasema wazee wa siku hizi wote walipigana Kagera. Mzee akatoa sarafu moja moja kwenye kitambaa, akalipa kamili. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimebeba wenye sare bure tangu alfajiri.

Heshima tunaipa nguo. Mtu akiivua, ni abiria kama abiria.

Mama Dagaa Mwaloni

Konda, Mungu akubariki. Ungemrudishia hata jero jamani.

Konda Mstaarabu

Nilimrudishia mama. Akakataa.

Ng'wana Leicester

Salamu kutoka Uingereza, kwetu asili ni Misungwi. Huku ukifika Novemba utaona kila mtu ana ua jekundu la karatasi kifuani, la kukumbuka waliokufa vitani. Lilianza 1921, linauzwa na Royal British Legion, na fedha inakwenda kwa askari wa zamani na familia zao. Kwa hiyo mleta uzi, swali lako la chenji huku lina jibu, na nadhani ndiyo maana ua limedumu miaka zaidi ya mia.

Lakini hata hilo limeingia mdudu. Mtangazaji wa televisheni akitokea bila ua, wiki nzima anasemwa. Watu wanalivaa mapema kila mwaka wasije wakaonekana wamechelewa kuhuzunika. Likishakuwa la lazima namna hiyo, huwezi tena kujua nani amelivaa kwa moyo na nani kwa kuogopa majirani.

Marekani wao wana utepe wa njano. Vita ya Ghuba ya 1991 ulifungwa kwenye miti na milango kila mahali, na vita ya Iraq ilipokuja ukawa wa sumaku, unabandikwa nyuma ya gari. Askari anapandishwa ndege kabla ya abiria wengine, anaambiwa asante kwa utumishi wako. Na kwenye miji yao mikubwa bado utawakuta waliopigana vita wanalala nje.

Halafu kuna ile ya 2020, ya wauguzi. Kila Alhamisi saa mbili usiku tulitoka milangoni tukapiga makofi na sufuria. Mimi nilipiga, na mke wangu ni muuguzi. Mwaka uliofuata serikali ikaja na pendekezo la kuwaongeza mshahara asilimia 1. Mke wangu aliniuliza kama makofi yale yanapokelewa dukani.

Sato Mbichi

Hahaha, shemeji ameua.

Mtu wa Kando

Mnazunguka mbuyu. Tatizo kubwa la hizi fulana na bendera ni kwamba zinafunga mjadala. Ukishaandika "Tunawapenda Wanajeshi Wetu", anayeuliza kwa nini wametumwa anaonekana hawapendi.

Tuangalie Kongo. 2013 Umoja wa Mataifa uliunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania. Mwaka huo huo waasi wa M23 wakafurushwa. Tukashangilia, haki yetu. Desemba 2017 kambi ya vijana wetu kule Semuliki ikavamiwa usiku, wakafa askari wetu zaidi ya kumi kwa mpigo. Majeneza yakapangwa Dar yamefunikwa bendera, nchi nzima ikabadilisha picha za wasifu. Mwishoni mwa 2023 SADC ikapeleka kikosi kingine huko huko, tumo na sisi. Januari 2025 Goma ikachukuliwa na M23 wale wale, na Machi SADC ikaamua kikosi kirudi.

Sasa mimi raia ninayelipa kodi nina haki ya kuuliza: walipewa vifaa vya kutosha? Malengo yalikuwa yapi? Nani anajibu? Kuuliza hivyo ndiyo kuwapenda kwangu. Picha ya bendera hainiulizi chochote, na aliyewatuma haimuulizi chochote.

Mzalendo Halisi

Mambo ya jeshi hayajadiliwi mitandaoni, Mtu wa Kando. Kuna siri za nchi hapo.

Mtu wa Kando

Hiyo ndiyo hoja yangu, ndugu. Asante kwa kuithibitisha.

Mama Dagaa Mwaloni

Mimi si msomi, nauza dagaa. Wakongo wanakuja Mwaloni kununua kwa magunia, tumezoeana, tunaitana majina. Kule kwao kukichafuka sisi hatusubiri taarifa ya habari, tunaona mzigo umelala na bei ya gunia inashuka. Kukitulia, malori yanarudi.

Kwa hiyo wale vijana wakienda kule, mimi binafsi nafaidika, na watoto wangu wamesoma. Sijui siasa yake. Ila mkisema tuwachangie, nitachanga. Mkisema ninunue fulana, hapana. Nina vitenge vya kutosha.

Sato Mbichi

Mleta uzi, hizo fulana zina rangi gani?

Mkazi wa Nyegezi

Sampuli imetumwa jana. Kijani yenye mabaka mabaka, wanasema ipendeze kijeshi.

Sato Mbichi

MKUU!!!

Chui wa Kirumba

😂😂😂 Mtaokotwa ofisi nzima na karamu yenu ya upendo.

Konda Mstaarabu

Msivae hiyo kitu. Nimeshaona jamaa amerukishwa kichura kwa kaptura ya mabaka tu, na aliinunua kwenye mtumba bila kujua.

Ng'wana Leicester

Nilisahau kabisa kuwa huko ni kosa. Huku watu wanavaa mabaka kwenda sokoni.

Mtu wa Kando

Kwa wasiojua: Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa kila raia mwenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo azisalimishe, wauzaji pia. Sheria ipo siku nyingi, pale walikuwa wanakumbusha. Sababu ina mantiki: wahalifu wanavaa sare kufanyia ujambazi. Kwa hiyo jeshi lenyewe limeshakwambia linapenda uliunge mkono vipi. Limesema: usivae kama mimi.

Mkazi wa Nyegezi

Nimepeleka hii kwenye grupu. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimejibiwa ndani ya dakika moja.

Mzee wa Kyaka

Wanangu, hamjambo. Mjukuu wangu ndiye anayeandika, mimi nasema.

Mimi nilikuwa mgambo, natokea Kwimba. Amin alipoingia Kagera mwaka 1978 na Mwalimu akatutangazia kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, kwetu hakukuwa na fulana. Serikali ilichukua malori ya watu binafsi, mengine yalikuwa yamezoea kubeba pamba, ndiyo tukapanda. Kijijini kwetu kila kaya iliulizwa ina nini. Waliotoa mahindi walitoa mahindi. Baba yangu alitoa dume, na alikuwa analipenda lile dume kuliko sisi.

Tulipokuwa tunapita njiani, akina mama walikuwa wanasimama barabarani na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ndani ya ungo, na maji kwenye vibuyu. Lori likipunguza mwendo wanakurushia. Michembe mingine inaanguka vumbini, tunaokota, tunakula na mchanga wake. Halafu vigelegele. Nyie mnaouliza kama vigelegele vina maana, mimi nawaambia vina maana, nilivisikia mpaka Kyaka, na daraja la Kyaka tulilikuta limebomolewa, na hofu ilikuwepo. Ila yule aliyepiga kigelegele ndiye aliyekuwa ametoa mahindi. Alikuwa mtu mmoja, siku ile ile.

Tuliporudi tulipokelewa vizuri. Baadaye dhiki ikaja, Mwalimu akasema tufunge mikanda miezi 18, na ikapita bila mikanda kulegea. Sabuni foleni, sukari foleni. Siku moja nimepanga foleni ya sabuni, mwenye duka akaniona, akasema kwa sauti, "Huyu katoka Uganda, mpisheni." Wakanipisha. Sina nishani iliyonifurahisha kama mche ule wa sabuni.

Miaka mingi baadaye nilikwenda ofisi moja kufuatilia haki zangu, kijana akafungua daftari akaniambia jina langu halionekani. Nikamwambia hata mimi nilikuwa sionekani, ndiyo maana nimerudi hai. Hakucheka.

Mkazi wa Nyegezi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili.

Mzee wa Kyaka

Marahaba. Ofisini mwambieni huyo mkubwa wenu kwamba mgambo nao walikuwepo. Fulana inasema wanajeshi tu.

Mtu wa Kando

Shikamoo mzee. Umenikumbusha ile Sanamu ya Askari pale Posta, Dar. Waingereza waliizindua 1927. Aliyesimama juu na bunduki ni askari. Wapagazi, na Wasukuma walibebeshwa mizigo wengi tu kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, wao wametajwa kwenye maandishi ya chini. Walikufa kwa njaa na maradhi kwa maelfu. Sanamu huwa ina nafasi ya mtu mmoja.

Chui wa Kirumba

Tusisahau na Mwanza tulipigwa. 1979 Gaddafi alimsaidia Amin, ndege yake ya Tu-22 ikaja kulenga matangi ya mafuta hapa, ikakosa, makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Babu yangu anasema mji mzima ulizima taa usiku ule. Swala wa Saanane nao wakumbukwe Julai 25, naomba kuwasilisha.

Sato Mbichi

Tuwachapishie fulana 😂

Binti wa Muleba

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Naomba niseme na mimi, maana wengi mnaongelea askari aliye hai.

Baba yangu alikufa kwenye vita hiyo nikiwa tumboni. Nimekulia Muleba, sasa naishi Mkolani. Mama hakuwahi kuolewa tena. Kila Julai 25 alikuwa anazima moto jikoni, anatandika mkeka karibu na redio, anasikiliza sherehe mwanzo mwisho. Likifika lile tarumbeta anainua mkono tukae kimya, hata kuku akiingia ndani hafukuzwi. Rais wa nchi ameinama kwenye mnara, na mama yangu aliamini kabisa ameinama kwa ajili ya baba. Na kwa nini asiamini? Ni kweli.

Kuna kipindi alidai haki fulani akazungushwa sana, mpaka alikata tamaa akaacha. Ningekuwa mimi ningechukia na redio yenyewe. Yeye hakuchanganya. Alisema, "Wale wa ofisini ni watu, ile tarumbeta ni ya baba yako."

Kwa hiyo mleta uzi, ukiniuliza kama ishara zina maana, siwezi kukujibu kama Mtu wa Kando. Sisi ishara ndicho kitu pekee kilichofika nyumbani kwa wakati, kila mwaka, bila kuomba. Fedha haikufika. Ningependa vyote viwili vifike. Lakini msije mkafuta kimoja kwa sababu kingine kilikwama kwenye faili.

Mama alipelekwa Kaboya mara moja, kwenye makaburi ya mashujaa. Alipoonyeshwa kaburi hakulia. Alichuchumaa akang'oa majani mawili matatu pembeni, ingawa palikuwa pasafi, wanajeshi wanapatunza vizuri. Akakaa hapo mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Mama Dagaa Mwaloni

Pole mwanangu. Pole sana.

Mzalendo Halisi

Dada, hapo nimenyamaza. Mimi natetea ishara humu kila siku, na sijawahi kufika Kaboya.

Konda Mstaarabu

Nami sijawahi, na nimezaliwa Kanda ya Ziwa.

Mkazi wa Nyegezi

Binti wa Muleba, pole na asante. Umenibadilisha kidogo. Nilikuwa nimeshaandaa ujumbe wa kusema shughuli nzima ni upuuzi, sijautuma. Nimeandika mwingine: kama tunachanga 20,000, watu 40 ni 800,000. Tutafute hata familia moja ya askari aliyefariki hapa Mwanza, tuulize ina shida gani. Bati, ada, chochote. Anayetaka kuvaa avae fulana yake nyeupe ya nyumbani.

Mtu wa Kando

Wamesemaje?

Mkazi wa Nyegezi

Watatu wamekubali. Bosi mdogo anasema bila fulana hakutakuwa na picha, na bila picha makao makuu hawatajua kama tulifanya.

Ng'wana Leicester

Hapo sasa amejibu swali la uzi wako bila kujua.

Sato Mbichi

Cha juu kimeyeyuka, lazima akasirike.

Mzalendo Halisi

Swali kwa Binti wa Muleba: raia wa kawaida anaweza kwenda Kaboya siku isiyo ya sherehe? Nataka kuwapeleka wanangu likizo hii.

Binti wa Muleba

Panda basi la Bukoba, siku hizi pale Busisi unapita juu ya daraja, hakuna tena kusubiri kivuko. Muleba unaifikia kabla ya Bukoba. Ukifika ulizia Kaboya, kila mtu anapajua. Pana askari, jitambulishe getini, sema umekuja kuwasalimia. Sisi hawajawahi kutufukuza. Ukipenda meli, MV Victoria inakushusha Kemondo, kisha unarudi nyuma kwa gari.

Konda Mstaarabu

Mzalendo, mkipata watu wa kujaza Hiace nishtueni. Naongea na bosi anipe gari Jumapili, nyie wekeni mafuta na hesabu yake. Mzee wa Kyaka anakaa siti ya mbele.

Mzee wa Kyaka

Nitakuja. Mjukuu anasema Jumapili hii anajisomea mtihani wa Jumatatu, basi tafuteni Jumapili nyingine.